Baada ya kufunga kizazi kwa mwanaume: kupona kuanzia saa ya kwanza hadi mwezi wa tatu

Mwanaume aliyefungwa kizazi asubuhi, jioni anaweza kuinuka mwenyewe akaenda mezani kula ugali. Hilo ndilo linalowaponza wengi. Maumivu ya upasuaji huu ni madogo na huisha mapema, mara nyingi siku ya tatu au ya nne, ilhali jeraha la ndani bado bichi, na mbegu zilizobaki njiani zinahitaji miezi mitatu kwisha. Mwili unakwambia umepona kabla hujapona. Kwa hiyo kuanzia mwanzo hadi mwisho, hesabu siku kwa kalenda, usipime kwa maumivu.

Tumewalenga wakazi wa Nyanda za Juu Kusini, yaani Mbeya, Songwe, Iringa, Njombe na wilaya zao, penye baridi, milima, bodaboda na kazi za jembe. Mhudumu aliyekufunga akikupa maelekezo tofauti na haya, shika yake, maana yeye ndiye aliyeona ndani.

Kilichofanyika mwilini mwako

Kila korodani ina mrija mmoja unaopandisha mbegu. Mhudumu huchoma sindano ya ganzi, hutoboa tundu dogo kwenye ngozi ya mfuko wa korodani, huuvuta mrija nje, huukata na kuziba ncha zake, kisha hufanya hivyo hivyo upande wa pili. Kazi yote huchukua dakika 15 hadi 30. Kuna njia isiyotumia kisu, iliyobuniwa na daktari Li Shunqiang wa China mwaka 1974. Hapo ngozi haipasuliwi, inatobolewa kwa chombo chenye ncha kali kisha tundu linapanuliwa taratibu. Damu hutoka kidogo zaidi na mara nyingi hakuna haja ya kushona.

Korodani zenyewe haziguswi. Tunalisema wazi kwa sababu huku watu wanalima kwa maksai, na neno "kufungwa" likitajwa mtu huona picha ya dume anayehasiwa. Dume hubanwa na koleo la kuhasia mpaka mishipa ya damu inasagika, korodani zikanyauka. Kwa mwanaume aliyefungwa, mishipa ya damu inabaki inafanya kazi, na homoni ya kiume husafiri kwenye damu, wala haipiti kwenye mrija uliokatwa. Hamu, kusimama kwa uume, ndevu, sauti na nguvu za shambani hazibadiliki. Shahawa nazo zitaendelea kutoka, na kwa macho hutaona zimepungua, kwani mbegu ni asilimia chache tu ya majimaji yale. Yaliyobaki hutengenezwa na tezi zilizo juu ya sehemu iliyokatwa.

Kabla hujaenda

Anza na kuchagua siku. Mtu wa ofisini akifungwa Alhamisi au Ijumaa, Jumatatu au Jumanne anarudi kazini. Mkulima ahesabu vingine: atafute wiki mbili ambazo shamba litamngoja. Mvua zetu huanza Novemba na kupanda hakumsubiri mtu, kwa hiyo anayefungwa wiki ya kupanda mahindi atashika jembe siku ya nne, aseme asemavyo. Septemba ni nzuri, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani. Mwenye vinyungu bondeni amwachie mtu kumwagilia kwa siku hizo.

Vitu vya kuandaa ni vichache:

- Chupi mbili au tatu za kubana, si boksa pana. Zinapatikana Mwanjelwa, Mashine Tatu au soko lolote. Ziwe zimefuliwa na kukauka vizuri. Chupi sahihi huinua mfuko wa korodani bila kukaba mapaja.
- Paracetamol za miligramu 500, vidonge 20 hivi.
- Taulo dogo na vitambaa viwili safi vya pamba.
- Kondomu za kutosha. Utazihitaji miezi mitatu, si wiki moja.
- Namba ya simu ya mhudumu.

Hiyo namba ya simu usiichukulie kwa wepesi. Mara nyingine huduma hii huletwa na timu ya huduma za mkoba, inayofika kituo cha afya asubuhi, inafanya kazi hadi jioni, halafu inaondoka kwenda wilaya nyingine. Kesho yake aliyekufunga hayupo. Kabla hujashuka kitandani uwe na majibu ya maswali matatu: nikivuja damu usiku nampigia nani? Kituo gani cha karibu kitanipokea? Na kipimo cha mwezi wa tatu nitafanyia wapi?

Kama unatumia aspirini au dawa nyingine inayozuia damu kuganda, kama una kisukari, busha, ngiri, au uliwahi kupasuliwa sehemu hiyo, sema mapema. Usiache dawa ya moyo kwa uamuzi wako mwenyewe. Nywele zipunguze kwa mkasi siku moja kabla, na wembe uuache, kwa sababu huacha mikwaruzo midogo ambayo vijidudu huingilia. Asubuhi oga vizuri na kula chakula chepesi.

Safari ya kurudi nyumbani

Baada ya kufungwa pumzika kituoni nusu saa hadi saa moja. Mhudumu akague kama tundu limekauka na kama mfuko haujaanza kujaa.

Usipande bodaboda, hata kama nyumbani ni kilomita mbili. Kiti cha pikipiki kinabana pale pale penye jeraha na kila shimo la barabara linatikisa mirija iliyotoka kukatwa. Panda gari dogo, kiti cha mbele cha Noah, au bajaji ambayo dereva wake umemwomba aende polepole. Wewe mwenyewe usiendeshe siku hiyo.

Anayetoka mbali, tuseme Makete, Ludewa au Ileje, ni heri alale mjini usiku mmoja kwa ndugu au nyumba ya wageni. Damu ikivuja ndani kiasi cha kuleta shida, kwa kawaida hujulikana ndani ya saa 24 za mwanzo. Ikukute mahali penye hospitali, isikukute kwenye kona za mlimani huku mtandao wa simu umekatika.

Saa 4 za kwanza

Ganzi huisha baada ya saa moja au mbili. Meza dawa ya maumivu ya kwanza ganzi ikiwa bado ipo, maana maumivu yaliyotangulia ni magumu kuyakamata.

Lala chali. Weka mto chini ya magoti. Lile taulo dogo likunje kama mchi, uliweke chini ya mfuko wa korodani, nje ya chupi, ili mfuko uinuke usining'inie. Jambo hili linaonekana dogo lakini lina sababu kubwa. Sehemu nyingine za mwili mshipa mdogo ukivuja, nyama iliyouzunguka inaukandamiza na damu inakata. Mfuko wa korodani hauna nyama ya kukandamiza. Ngozi yake ni legevu, ndani mna nafasi, na damu ikivuja inajaa tu. Chupi ya kubana, taulo na kulala vinafanya kazi ambayo nyama ingefanya.

Kisha weka kitu cha baridi. Mwenye friji achukue barafu au mfuko wa maji yaliyoganda, aufunge kwa kitambaa, auweke juu ya chupi dakika 15, autoe nusu saa, arudie. Barafu isiguse ngozi, itaiunguza. Asiye na friji asihangaike. Makete, Njombe au Uyole mwezi wa Juni na Julai maji yaliyolala nje kwenye ndoo yanatosha kabisa. Chovya kitambaa, kamua, kikunje mara nne, kitie ndani ya kimfuko safi cha plastiki ili jeraha lisilowe, kiweke juu ya chupi. Baada ya dakika chache kitambaa kitakuwa kimepata joto la mwili, nawe unakichovya upya.

Watu wetu wana desturi njema ya kumkanda mgonjwa kwa maji ya moto. Safari hii isitumike. Joto hutanua mishipa ya damu, na kukanda huondoa kidonge cha damu kilichoziba. Siku mbili za kwanza usikandwe, usikalie karibu na moto ukaelekeza mapaja kwenye ndimi zake, wala usiweke chupa ya maji ya moto. Baridi ikizidi ongeza blanketi, soksi na sweta. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani ulimolala na madirisha yamefungwa; moshi wake usioonekana unaua.

Usiku wa kwanza na siku mbili za kupumzika

Siku mbili hizi kazi yako ni kulala na kukaa. Kutembea hadi chooni, mezani na kuota jua barazani inatosha.

Choo cha kuchuchumaa kinasumbua kidogo. Shuka taratibu ukishika ukuta kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiushikilia mfuko wa korodani ndani ya chupi mpaka umetulia. Usijikamue. Kujikamua kunapandisha nguvu tumboni na kusukuma damu kwenye jeraha, ndiyo maana siku hizi mbili ugali mkavu usiwe peke yake. Kula maharage, mboga za majani, parachichi na papai, na maji unywe kwa wingi. Ukikohoa au kupiga chafya, shikilia mfuko kwa kiganja kabla, hasa msimu wa kipupwe kila mtu anapokuwa na mafua.

Usiku uume unaweza kusimama wenyewe usingizini na ukakuamsha kwa maumivu. Hilo ni la kawaida, tena ni dalili kwamba kila kitu kinafanya kazi. Amka, tembea hatua chache, nenda kakojoe, utatulia.

Pombe iache angalau saa 48, iwe bia, ulanzi, komoni au kimpumu. Mlevi hasikii mwili wake, na mwenye jeraha anahitaji kuusikia. Pia anaweza kuanguka akirudi nyumbani gizani.

Kuna jambo ambalo vijitabu huliruka: watoto. Mtoto wa miaka mitatu akimwona baba kakaa nyumbani mchana, hukimbia na kumrukia mapajani. Kaa na mto mapajani wiki nzima. Hakuna njia nyingine ya kuaminika.

Jeraha litakavyoonekana

Siku ya kwanza utaona tundu dogo, pengine mawili, na doa la damu kwenye pamba au chupi. Doa la ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 lisikutishe. Siku ya pili na ya tatu ndipo uvimbe unapofikia kilele, na rangi ya ngozi hubadilika. Kwa ngozi nyeusi usitafute wekundu. Utaona weusi uliokolea kuliko kawaida au zambarau, baadaye manjano yenye ukijani. Damu iliyovilia hushuka kwa uzito wake, kwa hiyo siku ya nne weusi unaweza kuonekana chini kabisa ya mfuko au kwenye shina la uume, mbali na tundu lenyewe. Mtu asiyejua hudhani ugonjwa unasambaa, kumbe ni damu ile ile inahama ikielekea kunyonywa na mwili. Weusi huisha wiki ya pili.

Maumivu yenyewe ni ya kuvuta, kama ya mtu aliyepigwa mpira sehemu hiyo saa kadhaa zilizopita, na yanaweza kupanda hadi kinenani au chini ya tumbo. Upande mmoja kuuma kuliko mwingine ni jambo la kawaida. Asubuhi za baridi kali huzidi kidogo kwa sababu kuna msuli unaovuta korodani juu zikipata ubaridi, nao unavuta pamoja na mrija. Baada ya siku mbili za mwanzo kuvaa suruali nzito kunasaidia.

Kuoga na kutunza tundu

Tundu likae kavu siku mbili hadi tatu. Wakati huo jifute mwili kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, ukiruka sehemu hiyo. Siku ya tatu au ya nne oga kawaida kwa kujimwagia maji, sabuni ya kawaida, kisha kausha kwa kugusagusa taulo bila kusugua. Kukaa ndani ya beseni, kuogelea mtoni au ziwani Nyasa kule Matema, subiri wiki mbili.

Usiweke kitu chochote kwenye tundu: unga wa kapsuli za dawa, mafuta ya taa, dawa ya mswaki, majani yaliyopondwa, jivu. Unga wa kapsuli unatengeneza gamba linalofungia uchafu ndani. Majani na udongo vinaweza kuleta pepopunda. Tundu la milimita chache linajifunga lenyewe ukiliacha.

Kama umeshonwa, uzi unaotumika kwa kawaida huyeyuka wenyewe ndani ya wiki mbili au tatu. Utauona unaning'inia kama kipande cha uzi wa gunia. Usiuvute. Utadondoka.

Dawa

Paracetamol ya miligramu 500: vidonge viwili kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Ikiwa haitoshi, ongeza ibuprofen ya miligramu 400 kila baada ya saa 8, ukiwa umekula. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, au anayetumia dawa za moyo asiiguse ibuprofen bila kuuliza.

Duka la dawa linaweza kukupa kidonge kimoja kilichochanganya diklofenaki na paracetamol. Soma karatasi. Ukimeza hicho na paracetamol zako juu yake, umezidisha paracetamol bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Diklofenaki na ibuprofen nazo zisichanganywe. Aspirini usimeze kwa maumivu haya, inazuia damu kuganda. Na antibayotiki hazihitajiki kwa mtu asiye na dalili ya maambukizi, hata kama muuzaji anazisukuma.

Wengi huacha dawa siku ya tatu. Anayezihitaji zaidi siku ya sita kuliko siku ya pili arudi kituoni.

Kurudi kazini

Hapa ndipo mambo huharibika. Siku ya nne hakuna maumivu, jua limetoka, jembe limeegemea ukuta. Lakini ngozi imefunga nje tu. Ndani ncha za mirija na mishipa midogo bado zinashikana. Ukiinua mzigo unafunga pumzi, tumbo linakaza, damu inasukumwa chini kwa nguvu, na mshipa uliokuwa umeziba unafunguka. Jioni mfuko umevimba ukubwa wa chungwa. Damu ya namna hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa kunyonywa, na wakati mwingine hulazimu kupasuliwa ili itolewe. Siku nne ulizookoa zinageuka mwezi.

Kipimo cha mzigo ni hiki: wiki ya kwanza usiinue kitu kinachozidi kilo 5. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20. Debe la mahindi halipishani nayo sana. Gunia la viazi usilifikirie kabisa kabla ya wiki mbili kamili, na lile la lumbesa halimfai hata aliye mzima.

Kwa kazi za huku tunashauri hivi:

- Ofisi, ualimu, duka: siku 2 hadi 3. Mwalimu akae, asisimame vipindi vyote.
- Dereva wa gari dogo: siku 4 hadi 5. Dereva wa basi au lori, anayepanda Kitonga akikanyaga pedali mchana kutwa: siku 7.
- Bodaboda na baiskeli: siku 7 kwa uchache, na 10 kama barabara zako ni za vumbi na mawe.
- Kuchuma chai Mufindi au Rungwe: siku 7, na kikapu kisijazwe mpaka wiki ya pili iishe.
- Kupalilia kwa jembe jepesi: siku 7 hadi 10. Kulima ardhi ngumu, kupasua mbao, kubeba magogo: siku 14.
- Mpira wa miguu: wiki mbili.

Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wana jambo lao. Kukamua kwenyewe si kazi nzito, lakini umechuchumaa na mguu wa ng'ombe uko jirani na kinena chako. Mtu mwingine akamue wiki ya kwanza.

Siku ya kwanza ya kurudi kazini, fanya nusu siku. Jioni jikague: mfuko ukiwa umevimba kuliko asubuhi, umezidisha. Rudi kwenye chupi ya kubana na pumziko siku mbili, kisha anza upya. Hata ukiwa salama, endelea na chupi ya kubana mchana kwa wiki nzima.

Tendo la ndoa

Kwa uchache subiri siku 2 hadi 3, lakini sisi tunashauri 7, kwa sababu ile ile ya jeraha la ndani. Baada ya hapo fanya pale unapojisikia. Mara za kwanza unaweza kusikia mvuto kidogo wakati wa kumaliza, na shahawa zinaweza kuwa na rangi ya kahawia au michirizi ya damu. Hiyo ni damu ya zamani inayotoka njiani, husafika yenyewe baada ya mara chache. Ikiendelea wiki kadhaa, nenda ukaangaliwe.

Kila mara tumia kondomu, au mke aendelee na njia yake. Mama aliye na kijiti asikimbilie kukitoa, na wa sindano asiruke tarehe, mpaka miezi mitatu itimie na kipimo kiseme. Tena kufungwa hakuzuii VVU wala magonjwa mengine ya zinaa. Kwa hilo kondomu haina mbadala.

Mke akishika mimba ndani ya miezi hiyo mitatu, kabla ya kumnyooshea kidole jua hili: mbegu zilizokwishavuka sehemu iliyokatwa siku ya upasuaji zilikuwa zimebaki njiani zikiwa hai. Mimba ya namna hiyo ni yako. Nyumba isivunjike kwa sababu mtu hakuambiwa jambo ambalo kila mhudumu analijua.

Uvimbe mgumu wiki ya tatu

Baadhi ya wanaume huhisi punje ngumu, kama njegere, juu ya korodani pale mrija ulipokatwa. Mbegu chache zimevuja na mwili umezizungushia ukuta. Kwa kawaida haihitaji tiba, hupungua yenyewe kwa miezi. Acha kuibonyezabonyeza kila siku, hiyo ndiyo inayoifanya iume. Wengine husikia korodani nzito na kujaa upande wa nyuma kwa wiki kadhaa mpaka mwili uzoee kunyonya mbegu ambazo hazina pa kutokea. Ibuprofen ya siku chache na chupi ya kubana hutosha. Mmoja au wawili kati ya 100 hubaki na maumivu ya muda mrefu yanayowasumbua. Hao wamwone daktari, wasikae nayo kimya kwa aibu.

Usisubiri asubuhi

Nenda kituo cha afya au hospitali mara moja ukiona mojawapo ya haya:

- Mfuko unakua saa hadi saa, unakuwa mgumu na umefikia ukubwa wa chungwa.
- Tundu linatoa damu ambayo haikati baada ya kukandamiza kwa kitambaa safi dakika 10 mfululizo bila kuchungulia.
- Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kutetemeka. Huku baridi hudanganya, kwa hiyo tumia kipimajoto.
- Usaha, harufu mbaya, ngozi ya moto inayong'aa.
- Maumivu yanayozidi baada ya siku ya tatu badala ya kupungua.
- Kushindwa kukojoa.

Kuvilia damu sana au maambukizi huwapata mmoja hadi wawili kati ya 100, na yote mawili hutibika vizuri yakiwahiwa. Mwambie mpokezi moja kwa moja kwamba umefungwa kizazi na tarehe. Ukisema tu "nina maumivu ya tumbo" utapimwa malaria na UTI huku muda unakwenda.

Mwezi wa tatu: kipimo

Hesabu miezi mitatu kwa tarehe. Aliyefungwa 15 Septemba, kondomu ni hadi 15 Desemba kwa uchache. Zamani wanaume waliambiwa wahesabu mara 20 za kumwaga badala ya miezi; hesabu hiyo imeonekana haiaminiki kama kungoja miezi mitatu.

Kisha peleka shahawa maabara. Uzazi wa mpango katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo, lakini kipimo cha maabara kiulizie mapema: kama kipo, siku gani, na kama kuna cha kulipa. Usimwage kwa siku 2 hadi 7 kabla. Tumia chombo kilichotolewa na maabara, si chupa ya dawa iliyooshwa, na sampuli itoke kwa kujichua, isitoke kwenye kondomu, kwani kondomu nyingine zina dawa ya kuua mbegu. Andika jina, tarehe na saa.

Sampuli ifike ndani ya saa moja, isizidi mbili. Asubuhi ya Julai Mbeya au Njombe, chombo kilichobebwa mkononi kitapoa na mbegu zitalala, mtaalamu aone hazitembei kumbe zilipigwa na baridi. Kibebe ndani ya sweta, kimegusa mwili. Anayeishi mbali aombe faragha atolee sampuli hapo hapo hospitalini.

Jibu zuri ni kutoonekana mbegu kabisa, au kuonekana chache zisizotembea, zisizozidi 100,000 kwa mililita. Hapo ndipo mke anaweza kuacha njia yake. Wasiopima, katika mwaka wa kwanza, wake 2 hadi 3 kati ya 100 hushika mimba. Waliopima na kupata jibu zuri, ni 2 kati ya 1,000. Hata miaka ikipita mirija inaweza kuungana yenyewe, ingawa ni nadra sana, kama mara moja kwa wanaume 2,000.

Mbegu zinazotembea zikionekana, haina maana umefungwa vibaya. Endelea na kondomu, rudia kipimo baada ya mwezi. Zikiwa bado zinatembea mwezi wa sita, rudi kwa mhudumu, kuna uwezekano mkubwa mrija mmoja ulikosewa au umejiunga, na utafungwa tena. Ile karatasi ya jibu ipige picha kwa simu, na yenyewe uitunze pamoja na kadi za kliniki za watoto.